Sura ya Nane ya Kitabu cha Punda

Ninyi watatu mliokuja kwangu mwezi uliopita na vishikwambi vyenu, mkakaa kwenye benchi langu, mkanywa chai yangu, mkaniuliza eti mbinu yangu ya kufundisha kusoma ilikuwa na hatua ngapi: nawajibu sasa, kwa maandishi. Siku ile nilinyamaza mkadhani nimesahau. Sikusahau, swali lilinichefua. Kila anayetoka semina anataka hatua. Akisikia ni nne anaandika, akisikia ni tano anapiga picha, kisha anarudi mjini kusema amefanya kazi vijijini.

Jina langu Theresia, lakini miaka kumi na saba niliitwa Mama Uji. Nimezaliwa Bashay, nikaolewa huku Hanang, upande wa Gendabi. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nitawaeleza lilivyokuwa. Shule niliyofanya kazi siitaji, maana watoto wanaosoma pale leo hawajamkosea mtu. Watu nitawataja. Nina miaka hamsini na mbili, kifua kibovu na macho mekundu ya moshi wa kuni, na sioni tena mtu wa kunifukuza kazi.

Kazi iliyoandikwa ilikuwa kupika uji wa asubuhi na makande ya mchana. Kazi ambayo haikuandikwa popote ilikuja jikoni yenyewe, kwa miguu yake. Mtoto wa darasa la tatu au la nne akishindwa kusoma mstari ubaoni, mwalimu alimwambia, "Wewe nenda kamsaidie Mama Uji." Basi anakuja. Anaokota kuni, anachota maji, anasugua sufuria kwa majivu. Kesho anarudi. Baada ya mwezi haulizwi tena yuko wapi, maana mwalimu amepata darasa lililo kimya na mpishi amepata kibarua.

Nimesema nitataja wakosaji, basi naanza na Theresia. Mwaka wa kwanza na wa pili nilifurahi. Nilikuwa na watoto tisa wa kunichotea maji na sikuuliza kwa nini hawako darasani. Nilijua kwa nini. Mimi mwenyewe nilikaa huko.

Bashay tulikuwa na mwalimu akiitwa Damiano. Dawati la nyuma kabisa, chini ya dirisha lililovunjika, alilipa jina la zizi. Asiyejua kusoma anakaa zizini. "Ng'ombe wangu wameshashiba?" alituuliza kila asubuhi, darasa zima likacheka, na sisi tukacheka pia kwa sababu asiyecheka alichapwa. Nilikaa zizini miaka minne. Nikamaliza darasa la saba nikijua kuandika jina langu na jina la shule, basi. Kusoma nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na sita, mama wa watoto wawili, kwa kitabu cha mwanangu wa kwanza, nikifuata kwa kidole wakati yeye yuko kisimani. Damiano alistaafu kwa sherehe. Walimpa godoro. Najua kwa sababu niliitwa nikapike pilau.

Sasa vitabu.

Siku moja mradi ukaleta makasha mawili ya vitabu vya hadithi, vile virefu vyenye sura, siyo vile vya kurasa nne vya "hili ni jua, hili ni jembe". Kila kitabu kilikuja na mwongozo wake: wiki moja sura moja, maneno mapya, maswali, kuchora, kuigiza. Mwalimu Fausta, aliyekuwa mwalimu wa taaluma, akapelekwa semina Babati siku tatu. Alirudi na begi, fulana na chati. Begi akaenda nalo kanisani, chati ikabandikwa ofisini, vitabu vikafungiwa kabatini. Ufunguo aliuvaa kiunoni mwalimu mkuu, Mwalimu Lohay, pamoja na ule wa pikipiki yake.

"Watoto hawa mikono yao ina mavi ya ng'ombe," alisema. "Vitachafuka. Tusubiri kwanza wajue kusoma."

Someni tena sentensi hiyo, kama mlikuwa na haraka. Wajue kusoma kwanza, ndipo wapewe vitabu.

Vikakaa humo mwaka na zaidi, mpaka panya wakavifikia. Panya hawakusubiri kujua kusoma. Na kwa kuwa mambo ya panya ni ya mpishi, niliitwa kusafisha kabati. Nikatoa nakala sita za kitabu kimoja, zimetafunwa pembeni lakini maneno yote yapo. Lohay akazitazama akiwa mlangoni, hakuingia.

"Hizo zimeshakufa. Chukua ukawashie moto."

Yashikeni maneno hayo, tutayahitaji mbele.

Sikuwasha moto. Nilisoma. Kilikuwa kitabu cha sura saba: msichana ana punda wa kubebea maji, punda anaibwa siku ya mnada, msichana anamfuata. Si kitabu cha ajabu. Lakini kila sura iliishia mahali pabaya, mtu yuko mlangoni, kamba imekatika, na mimi, mama mzima, niliunguza makande ya shule nzima nikitaka kujua kamba ilikatwa na nani. Nikasema, kama kimeweza kuniunguzia makande, kitawafaa na wale wa kuni.

Nilianza, na nilianza kwa ujinga.

Walikuwa watoto kumi na mmoja, mwaka ule wote wa darasa la nne, Wairaqw na Wabarbaig, wakubwa kwa wadogo. Darasa la kwanza wakishakunywa uji, sisi tulikaa nyuma ya jiko kwenye magogo. Jumatatu nikawasomea sura ya kwanza. Jumanne nikairudia, kwa sababu waliomba. Jumatano wakasoma pamoja nami, Alhamisi wakasoma wenyewe, Ijumaa nikaingia stoo nikalia kwa furaha. Wiki moja tu. Nilijiona nimewapita wenye vyeti wote wa wilaya.

Aliyesoma vizuri kuliko wote alikuwa Anjelina, binti wa Bura. Huyu mshikeni, habari hii ni yake. Darasa la nne, miaka kumi na moja, mrefu, mkimya, nyumbani kazi yake kuchunga. Baba yake alikuwa amenisimamisha njiani mwezi huohuo.

"Shikamoo, Mama Uji."

"Marahaba, Bura."

"Huyu wangu anafanya nini huko shuleni? Ananiletea harufu ya moshi tu."

"Anajifunza."

"Darasa la nne wana mtihani wa taifa. Akishindwa anarudia darasa. Mimi mtoto wa kurudia sina. Akishindwa abaki na ng'ombe, mdogo wake ndiyo aende."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga shamba lipi lilale mwaka huu. Ndiyo maana niliogopa, maana mtu mkali unaweza kumsubiri apoe.

Kwa hiyo mgeni kutoka ofisi ya kata alipopita kukagua vyoo, mimi kwa kiherehere changu nikamwomba awasikilize watoto wangu. Lohay akaja nyuma yake, mikono mfukoni. Anjelina akasimama na kitabu, akateremka nacho kama maji. Mgeni akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Anjelina akafungua ukurasa, kurasa mbili zikashikana zikafunguka pamoja, naye akaendelea palepale pa hadithi bila kukosa neno. Hakuna mtu mzima aliyeona. Aliyeona ni katoto ka darasa la kwanza kalikokuwa kanavizia uji wa pili, kamesimama nyuma yake.

"Mama, hapo hapana hayo," kakasema. "Hapo pana picha ya mlango."

Mgeni akasogea. Kweli, mlango. Akaweka kidole kwenye neno moja chini ya picha, akamwomba Anjelina asome hilo tu. Anjelina akakitazama kidole, akanitazama mimi, akaanza sura kutoka mwanzo.

Lohay alicheka mpaka akashika nguzo. "Mama Uji amefuga kasuku."

Na alikuwa na haki ya kucheka, hilo ndilo linaloniuma. Mtoto anayewajua ng'ombe wa ukoo mzima kwa rangi na kwa mama zao, ukimsomea kurasa nne mara mbili amezibeba zote. Waliotunga mwongozo hawakulijua hilo, hawajachunga. Mimi niliyekulia humo nililisahau. Niliwafundisha watoto kumi na mmoja kusikiliza, jambo walilokuwa wanalijua tangu mgongoni mwa mama zao. Jina la kasuku likabaki. Walimu wakipita jikoni asubuhi kuchukua chai yao: "Kasuku wameamkaje leo, Mama Uji?"

Anjelina hakuja siku tatu. Aliporudi aliweka kuni chini, akasema, "Mama, ulinidanganya. Ulisema ninasoma."

Nilimpa kazi ya kuangalia moto.

Jumamosi ile nilichukua kisu cha mboga nikazikata nakala zote sita, sura kwa sura. Kila sura nikaishona pembeni kwa sindano ya magunia na uzi wa katani. Nikaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo nikaitundika kwenye boriti ya stoo. Jumatatu nikawatangazia: "Kuanzia leo sisomi. Nitasoma nusu ukurasa wa mwanzo, basi. Anayetaka kujua kilichompata punda, kipo mle kwenye ndoo. Sura ya pili haishuki mpaka ya kwanza iishe."

Wakaguna. Mmoja akasema heri kuni.

Mnaotaka hatua, okoteni hapa, sizipangi. Maneno matano ya sura niliyaandika kwa mkaa ukutani kabla sura haijashuka, yale magumu, na mtu hakupata kikombe cha uji mpaka aguse neno nililotaja. Sentensi ya mwisho ya ukurasa tuliisoma kwanza, kisha ya juu yake, tukipanda, kwa sababu aliyekariri hawezi kupanda, anajua kushuka tu. Picha niliziba kwa kiganja. Wakimaliza ukurasa walinisimulia kwa Kiiraqw au Kibarbaig, na hapo Mwalimu Fausta alinikemea mara nyingi, eti shuleni ni Kiswahili. Mtoto akisoma Kiswahili na kukusimulia kwa lugha ya nyumbani, ameelewa. Akikurudishia Kiswahili kilekile, hujui kama ameelewa au amekubebea tu. Fausta alikuwa na cheti na hakulijua hili. Cheti chake nimekiona, ni kizuri, kina muhuri.

Na mtoto akikwama, nilikoroga sufuria mizunguko kumi kabla sijafungua mdomo. Mizunguko kumi ni mingi, jaribuni. Walimu hawakorogi hata mmoja. Mtoto akisita wanamtupia neno kama mfupa, kisha wanashangaa kwa nini kila mara ananyanyua macho kusubiri mfupa. Vishikwambi vyenu ndivyo vibaya zaidi kwa hili. Nilimwona mmoja wenu siku ile: mtoto wa jirani akagusa neno, chombo kikalitamka kwa sauti ya dada wa redioni, mtoto akacheka, akagusa jingine. Alikuwa anabonyeza. Mkaandika kwamba amesoma.

Nilikosea pia hapo kwenye mkaa, msije mkadhani baada ya kisu nilikuwa mtakatifu. Kulikuwa na kijana Samweli, mtoto wa wafugaji, mkaidi, ukutani hakugusa neno sahihi hata siku moja. Nilimnyima kikombe cha kwanza nusu mwaka. Halafu siku moja nikamwona anaokota sindano yangu kwa kupapasa, na sindano iko juani, inang'aa. Hakuwa mkaidi, alikuwa haoni vizuri. Nusu mwaka nilimnyima uji mtoto asiyeona. Hilo halina hatua, lina aibu tu, na mimi ninayo.

Sura ya tatu iliishia msichana anaona alama za kwato zikiingia kwenye ua wa mtu anayemjua. Tulifika hapo Ijumaa. Nikafunga ndoo mbele yao, wakalalamika, nikafurahi. Jumatatu nashusha ndoo, nakala za sura ya nne ziko tano badala ya sita.

Anjelina alikuwa anapasua kuni kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Mama."

"Naam."

"Huyu aliyeandika hajawahi kufunga punda."

Nikaendelea kukoroga. "Kwa nini?"

"Anasema mwizi alimfunga kitanzi shingoni akamwacha mpaka asubuhi. Punda akivuta kidogo tu amejinyonga. Punda anafungwa mguu."

"Nani amekusomea?"

Akapasua gogo jingine.

"Anjelina. Sura ya nne hajaisoma mtu hapa. Nani amekusomea?"

"Nimesoma malishoni," akasema. "Siku mbili. Hilo neno kitanzi lilinichelewesha." Akaitoa kwenye kifundo cha kanga, imelowa jasho, akanipa huku amegeuza uso akisubiri kofi.

Nilimpa kikombe cha uji wa walimu, ule wenye sukari na maziwa. Katika miaka yangu yote hakuna kilichonifurahisha kama wizi ule. Liandikeni hili mahali: aliyekariri, hata akiwa fasaha namna gani, hana neno la kumwambia mwandishi. Siku mtoto anapomwambia mwandishi kwamba amekosea, huyo anasoma, mpe uji.

Sasa kuna jambo mtalikuta kwenye baadhi ya shule na mtaambiwa halipo. Shule inapimwa kwa wastani. Mtoto asiyejua kusoma anashusha wastani. Lakini mtoto ambaye hakufika siku ya mtihani hashushi kitu. Mnaona njia inakokwenda. Zikiwa zimebaki kama wiki nne, Mwalimu Fausta alikuja jikoni, akasimama mbali na moshi.

"Mama Uji, siku ya mtihani hawa watoto wako wapumzike nyumbani. Tutawaambia wazazi wao. Usiwahangaishe."

"Wakipumzika mwakani wanarudia darasa."

"Watajifunza vizuri zaidi."

"Anjelina akirudia darasa anaondolewa shule. Na Anjelina anasoma, madam."

"Anakariri. Mwalimu mkuu ameshasema."

"Msikilize mwenyewe. Yuko hapo."

Alitazama saa. "Nina alama za kuingiza," akasema, akaondoka. Fausta hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga. Mimi heri mbaya kuliko mwoga, kwa sababu mbaya angalau anafanya kazi yake mwenyewe.

Nilimwambia mgongo wake kwamba nitapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wazazi. Sikupata nafasi ya kuanza. Keshokutwa yake Lohay aliingia stoo kutafuta jembe, akaona ndoo, na wiki hiyohiyo ukaitishwa mkutano wa wazazi. Ajenda ilikuwa moja: uharibifu wa mali ya umma.

Tulikaa darasa la nne, wazazi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Watoto wamejazana madirishani. Lohay alikuwa na meza, faili la bluu na ndoo yangu. Aliimwaga ndoo mezani, sura zikatawanyika na nyuzi zake za katani.

"Wazazi, huu ndio msaada wa Mama Uji. Serikali na wafadhili wanahangaika kutuletea vitabu, mpishi anavichinja kama kuku."

"Mwalimu," nikasema, "uliniambia nikawashie moto."

"Una barua?"

"Barua ya nini?"

"Niliyokuandikia nikikuambia uchome vitabu vya shule. Unayo?"

Sikuwa nayo. Akafungua mikono kuwaonyesha watu jinsi nisivyokuwa nayo. Hiyo ndiyo faida ya kujua kuandika, vijana: unajua pia wakati wa kutoandika.

Bura akainuka, dawati likamng'ang'ania, akalisukuma. "Mimi mambo ya vitabu siyajui. Ninachouliza ni kimoja. Binti yangu anasoma au hasomi?"

"Hasomi," akasema Lohay. "Anakariri. Hata mgeni wa kata alishuhudia kwa macho yake."

"Anasoma," nikasema.

Hapo akaingilia Mama Zuhura. Huyu ni mfanyabiashara wa unga, wa zile familia za Kiislamu za Katesh, mjumbe wa kamati ya shule kwa sababu wajukuu wake walisoma kwetu. Alikuwa amekaa mbele kabisa, karibu na meza, kwenye kiti pekee cha mtu mzima. "Tunabishana nini? Mtoto si yule dirishani? Aingie asome."

"Mama Zuhura, hivi vipande amevishika vyote kichwani. Huyu ni kasuku."

"Basi apewe asichokijua."

Simu ya Lohay ikatetemeka mezani. Akaichukua, akaanza kuandika ujumbe kwa kidole gumba. Hakuinua hata macho. "Mpe chochote unachotaka," akasema. "Mpe hata waraka wa wizara."

Mama Zuhura akafungua faili la bluu, akachomoa karatasi ya juu kabisa. "Hii imechapwa, ina herufi nzuri. Njoo, mama, usiogope."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ameisoma. Nimemuuliza mara mbili. Anacheka na kunipimia unga.

Anjelina akaja na miguu yenye vumbi, akaiweka karatasi mezani, akaweka kidole. Sikuwa na mwiko. Nikakoroga kwa mkono mtupu juu ya paja langu.

"O-ro-dha," akasoma. "Orodha. Ya. Wa-na-fu-nzi. Wanafunzi." Akakwama. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Wa-ta-ka-o-ku-wa. Watakaokuwa. Wa-go-njwa. Wagonjwa. Siku. Ya. Mtihani."

Fausta, aliyekuwa ameichapisha yeye mwenyewe stationari Katesh, akafumba macho. Lohay akainua kichwa.

"Hebu nipe hiyo. Siyo hiyo."

Mama Zuhura akaulaza mkono wake wenye bangili juu ya meza, katikati ya mwalimu na mtoto. "Mwache amalize. Anakwenda taratibu lakini anafika."

"Namba moja. E-ma-nu-e-li Awe. Emanueli Awe. Malaria. Namba mbili. Samweli Gidamis. Ki-ko-ho-zi. Kikohozi."

Kila jina lilinyanyua kichwa cha mtu kwenye madawati. Hakuna aliyekohoa, nadhani waliogopa kuandikwa. Akafika namba sita, akasimama. Nilikoroga mizunguko kumi, nikaongeza miwili. Nikafikiri amekwama. Hakuwa amekwama, alikuwa ameshasoma.

"Anjelina Bura," akasema. "Tumbo."

Bura akamtazama mwalimu mkuu. "Tumbo la lini?"

"Hiyo ni rasimu," akasema Lohay.

"Rasimu ya malaria," akasema Mama Zuhura.

Anjelina bado alikuwa na kidole kwenye jina lake. "Baba, siumwi," akasema. Kisha akageuka kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, kama alivyokuwa akiniambia mimi habari za punda. "Shikamoo, mwalimu. Hapa mmekosea."

Bura hakupaza sauti. "Nilisema akishindwa abaki na ng'ombe. Hajashindwa. Ninyi ndio mmeandika ashindwe. Mwalimu, siku ya mtihani atakuja. Hata akiumwa kweli nitamleta mgongoni." Akakaa. Dawati likamshika tena.

Mali ya umma haikuzungumzwa zaidi siku ile, nami nikazirudisha sura zangu ndooni nikaenda nazo jikoni.

Walikuja wote kumi na mmoja. Saba walivuka, wanne walirudia, na Samweli alikuwa mmoja wa wanne hao, na mnajua alaumiwe nani. Wastani wa shule ulishuka kama Lohay alivyoogopa, na sikusikia mtu aliyekufa kwa wastani. Anjelina alivuka. Lohay alihamishwa. Mlitaka niseme aliadhibiwa, sivyo? Alipelekwa shule kubwa zaidi, yenye umeme, na kwenye kuagwa ilisomwa barua ya kumpongeza kwa ubunifu katika kuinua usomaji wa madarasa ya chini. Fausta ndiye aliyeisoma, bila kukwama. Mimi nilipika pilau.

Mkuu aliyefuata alikuwa mpole, akasema mpishi apike, walimu wafundishe. Nikapika, na watoto wakaendelea kutumwa kuni, na ndoo ikaendelea kushuka. Miaka minne mingine, mpaka kifua kikakataa na jiko la gesi likaja na mpishi wake.

Mliniuliza kama nimebaki na kumbukumbu yoyote ya kazi. Siku ile ya mkutano hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya Anjelina karatasi. Alitoka nayo, akanikuta jikoni, akaniwekea juu ya meza ya unga. Nilichukua sindano ya magunia nikaishona nyuma ya sura ya saba, kwa uzi uleule.

Basi kila mtoto aliyefika mwisho, punda amepatikana, msichana amerudi nyumbani, aliikuta hiyo. Wengi waliisoma mpaka namba kumi na moja wakidhani bado ni hadithi. Kisha walikunja uso.

"Mama, hawa wote wataugua siku moja?"

"Imeandikwa."

"Haiwezekani. Wamejuaje kabla?"

"Mimi sijui. Imechapwa."

"Na huyu wa sita namfahamu. Anapita hapa kila asubuhi na sketi ya sekondari. Hajaumwa huyu. Huyu aliyeandika ni mwongo."

Nilikuwa na uji wa kukoroga.